Matatu Mbili Hadi kwa Karen

Mama alifanya kazi Karen miaka kumi na saba na hakuwahi kuingia kwa Karen. Namaanisha Karen mwenyewe, Karen Blixen, yule Mdenmaki wa kitabu na filamu, ambaye nyumba yake imekuwa makumbusho tangu 1986. Siku za kazi Mama alitoka Donholm saa kumi na nusu alfajiri, akashuka tao, akavuka kwa miguu hadi steji ya pili, akapanda ya 24, na saa moja asubuhi alikuwa jikoni kwa watu. Lango la makumbusho alilipita mara nyingi kuliko mtalii yeyote aliyelipa kuliingia. Nilipomuuliza mbona hakuwahi kuingia, alinijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

“Niingie nifanye nini? Nyumba ya mzungu naijua.”

Wazo la kumpeleka lilitoka Denmark. Rafiki yangu anayesoma Copenhagen alipewa lifti na familia moja iliyokuwa na gari-nyumba, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, wakazunguka makumbusho siku nzima. Asubuhi Makumbusho ya Taifa pale katikati ya jiji. Mchana Roskilde, kuona meli tano za Waviking zilizozamishwa makusudi karibu miaka elfu moja iliyopita ili kuziba njia ya adui, zikaopolewa 1962. Chakula walipika pakingi, wakala, wakalala kidogo, nyumba yao ikiwasubiri nje kama punda. Jioni wakaishia Rungstedlund, nyumba iliyo kando ya bahari kaskazini mwa jiji. Humo ndimo Blixen alimozaliwa 1885, akarudi 1931 akiwa amefilisika, akafa 1962 na kuzikwa bustanini chini ya mti. Nayo ni makumbusho, tangu 1991. Rafiki yangu alinitumia picha ya mikuki na ngao za Kimaasai zilizotundikwa ukutani, na ujumbe: “Buda, huyu mama aliishi kwenu 1914 hadi 1931, na hujawahi kumtembelea?”

Nikapiga hesabu. 1914 hadi 1931 ni miaka kumi na saba, sawa na ya Mama.

Basi Jumamosi moja tukatoka. Gari-nyumba hatuna. Tulikuwa na chai kwenye themosi, chapati ndani ya kopo la Kimbo, na mpango wa kuona makumbusho matatu kwa siku moja kabla magoti ya Mama hayajaanza maneno.

Niseme jambo kuhusu kwetu kwanza. Wengi tuliolelewa Donholm tunadhani jina hili lilibuniwa na kampuni fulani ya kuuza nyumba. Kabla ya Phase 5 na Phase 8, kabla ya Greenspan, kabla ya hizi ghorofa zilizokaliana mabegani, hapa palikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la Mskoti aliyeitwa Watson. Shamba likaitwa Doonholm, kwa o mbili, jina la mahali kule Ayrshire, Scotland, kando ya mto Doon. Hiyo Ayrshire iweke kando, nitairudia. Enzi hizohizo, upande wa pili wa jiji, chini ya vilima vya Ngong, Blixen alikuwa na shamba lake la ekari 6,000, na 600 kati ya hizo zilikuwa za kahawa. Masetla wawili, mashamba mawili. Moja likawa Karen, lingine likawa kwetu. Ukitaka kuelewa Nairobi kwa haraka, panda matatu ukatoke shamba la kwanza hadi la pili uone jinsi miti inavyoongezeka dirishani.

Haikutokea kwa bahati. Serikali ya kikoloni iliwapa Wazungu magharibi, kwenye mwinuko, udongo mwekundu na hewa nzuri. Wahindi wakasukumwa Parklands na Ngara. Waafrika, ambao walitakiwa mjini kama mikono tu wala si kama watu wenye familia, wakawekwa mashariki, karibu na reli na karakana, kwenye ule udongo mweusi unaogeuka gundi mvua ikinyesha. Sheria ya ardhi ya 1915 ilimruhusu setla kukodi shamba kwa miaka 999. Mwafrika wa kiume alitembea na kipande kwenye kibati shingoni, na mjini alihitaji sababu ya kuwepo.

Jogoo Road yenyewe, barabara iliyotutoa mtaani wote, iliitwa Doonholm Road. Baada ya uhuru ikapewa jogoo, alama ya chama cha KANU. Mimi huisoma barabara hiyo kama ukuta wa makumbusho ambao hakuna aliyeuwekea maandishi. Kushoto Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Mbele kidogo Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa jasho la mateka wa vita wa Kiitaliano. Burma, soko la nyama, jina lililoletwa na askari wetu waliopelekwa kupigana na Wajapani kule Asia. Na ukivuka kuelekea Ngara utakuta Kariokor, ambayo ni Carrier Corps iliyotafunwa na midomo yetu, kumbukumbu ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, malaria na kuhara wakiwabebea Waingereza mizigo. Makanga anaitaja kila siku akiita abiria. Ni mnara wa kumbukumbu uliojengwa kwa sauti.

Mama alikuwa ameshalala. Kwenye matatu hulala papo hapo. Ni ujuzi wa miaka kumi na saba.

Makumbusho ya Reli yapo nyuma ya stesheni kuu, na yalianzishwa 1971 na shirika la reli la Afrika Mashariki, wakati nchi tatu bado zilikuwa na reli moja. Nje kuna injini za mvuke zimeegeshwa kwenye nyasi. Mojawapo ni Mount Gelai, ya daraja la 59. Injini hizo ziliundwa Manchester 1955 na 1956, jumla 34, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na kwenye reli za upana wa mita moja dunia nzima hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu zaidi. Mama aliishika kwenye gurudumu kama mtu anayepima joto la mtoto.

Lakini nilichokuwa nimekuja kumwonyesha ni behewa namba 12. Hii ndiyo gari-nyumba yetu. Ni behewa la ofisa, lenye vitanda, la mtu aliyesafiri akilala kazini. Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa stesheni ya Kima, kule Makueni. (Kwa Kiswahili kima ni nyama ya kusaga. Sitaongeza neno.) Ndani mlikuwa na Wazungu watatu: Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pamoja na Huebner na Parenti. Walikuwa wamekuja kumwinda simba aliyekuwa akiwasumbua wafanyakazi wa stesheni. Ryall alishika zamu ya kwanza na bunduki yake, usingizi ukamchukua. Simba akaingia. Behewa likainama kwa uzito wake, mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake, na sasa wanaume watatu na simba mmoja walikuwa ndani ya chumba ambacho mimi na Mama tusingeweza kupishana. Simba akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamchukua Ryall, akatoka naye dirishani.

Nilimsimulia Mama hadithi yote nikiwa nimesimama hapo, kwa madoido. Akachungulia ndani. Akapima dirisha kwa macho.

“Na hao wa stesheni?”

“Wapi?”

“Si umesema simba alikuwa anasumbua wafanyakazi? Alikuwa anawasumbua aje?”

“Aliwaua, Mama. Kabla ya Ryall.”

“Walikuwa nani?”

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokatika. Kuhusu Ryall tunajua cheo, tarehe, na hata kwamba mama yake mzazi alitoa zawadi ya pauni 100 kwa atakayemuua simba huyo. Wale wengine waliingia kwenye masimulizi kama sababu ya Ryall kuja. Reli hiyo ilijengwa kuanzia Mombasa 1896 hadi ikafika Kisumu 1901. Wafanyakazi 32,000 hivi waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa, yaani wanne hivi kwa kila maili. Wengi hawakuliwa na simba, walimalizwa na magonjwa. Wale simba wawili wa Tsavo wa 1898, ambao ni habari nyingine, wana umaarufu wa kuwashinda wote waliowala. Patterson, aliyewapiga risasi, alidai walikula watu 135. Watafiti waliochunguza nywele na mifupa yao walikadiria 2009 kwamba ni watu 35 hivi. Ngozi zao alizitandika sakafuni kama zulia miaka mingi, kisha 1924 akaziuza kwa Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000. Mpaka leo wako huko, wamejazwa na kusimamishwa.

“Hata simba walienda majuu,” Mama akasema. “Na viza hawakuulizwa.”

Tulikula chapati ya kwanza kwenye kivuli cha Mount Gelai.

Kutoka hapo tulipanda matatu ya Westlands. Kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway nilimwonyesha dirishani ile nyumba ya mawe ya 1913, ambayo zamani ilikuwa ofisi ya kusajili vizazi, ndoa na vifo, na ambayo umbali wote wa kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia pale. Sasa ndani yake kumewekwa mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, mtu aliyeacha cheo akarudi kukusanya vitabu, stempu na vinyago. Huyo anahitaji siku yake peke yake. Tukapita.

Kule Museum Hill mambo yalikuwa mengi na miguu michache. Jumba hilo lilifunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana, na likaitwa la taifa baada ya uhuru. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe za kugusa ardhi, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta 1970 na kufa 1974. Ndovu alikuwa na askari wake. Mama alilipenda hilo, akacheka mpaka akakaa chini.

Aliponishangaza ni kwenye chumba cha mifupa. Nilidhani angepita haraka. Mvulana wa Turkana, mifupa ya miaka milioni moja na nusu hivi, mzima kuliko yoyote ya umri wake iliyokuwa imewahi kupatikana, alipatikana Agosti 1984 kule Nariokotome, magharibi mwa ziwa. Vitabu vingi husema aligunduliwa na timu ya Leakey. Aliyeinama akaokota kile kipande cha kwanza cha fuvu, kidogo kama kibiriti, chenye rangi ya mawe yaliyokizunguka, ni Kamoya Kimeu. Mkamba wa Makueni, kwao Mama. Aliajiriwa 1960 kama kibarua wa kuchimba, akajifunza anatomia kwa vidole. Kuna spishi za kale za nyani zilizopewa jina lake, na 1985 alipewa nishani Washington na Rais Reagan. Alifariki 2022.

Mama alisimama mbele ya mvulana yule muda mrefu. “Huyu mtu aliona mfupa kwa mawe,” akasema. “Unajua kuchagua mchele? Ni macho hayo hayo.”

Nimesoma maelezo mengi kuhusu Kamoya na sikumbuki bora kuliko hayo.

Kabla hatujatoka nilimwambia kuhusu maonyesho yaliyofanyika hapo 2021, yaliyojaa makabati matupu ya vioo. Wasanii na watafiti wa Kenya na Ujerumani walikuwa wameandaa orodha ya vitu vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kwa taasisi 30 pekee wakapata zaidi ya 32,000. Kila kabati tupu lilisimama badala ya kitu kisichokuwepo. Kuna ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, ikafika British Museum na kukaa stoo. Ngoma ambayo mlio wake ndio uliokuwa sheria, sasa ina namba na kimya. Rafiki yangu aliponitumia picha ya mikuki ya Rungstedlund sikuiwazia hivyo. Niliona tu mikuki ukutani kwa bibi mzee. Siku hiyo Museum Hill nikaitoa simu nikaiangalia tena.

Saa tisa tulikuwa kwenye ya 24. Mama hakulala. Alikaa dirishani akinitajia vituo kabla makanga hajavitaja.

Nyumba ya Blixen ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Mawe, vigae, veranda, bustani kubwa, na Ngong kwa nyuma kama vifundo vya ngumi. Ilijengwa 1912 na Mswidi, Åke Sjögren, na Blixen alihamia humo 1917 na mumewe Bror, Mswidi vilevile. Kwa hiyo ukitaka Skandinavia bila pasipoti, ni nauli mbili kutoka Donholm. Kahawa haikuwahi kukubali: mwinuko ulizidi, mvua ilikosa, na 1923 kiwanda kikaungua. 1931 shamba likauzwa, likakatwa viwanja. 1964 Denmark ikaipa Kenya nyumba hiyo kama zawadi ya uhuru, na kwa muda kukawa na chuo cha lishe hapo. Kisha Sydney Pollack akaja na kamera zake, na Meryl Streep, na Robert Redford. Filamu ikatoka 1985, ikashinda Oscar saba, na mwaka uliofuata milango ya makumbusho ikafunguliwa. Tukisema ukweli, ni Hollywood iliyotuonyesha kwamba nyumba hii inafaa kutunzwa. Watson wa Doonholm hakuandika kitabu, kwa hiyo ng'ombe wake hawana makumbusho.

Kuhusu kitabu chenyewe nina ugomvi nacho na sitauficha. Kimeandikwa vizuri, na hilo ndilo tatizo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Denmark kwenyewe, 1980, akawaambia wenyeji wake kwamba hiki ni miongoni mwa vitabu hatari zaidi kuwahi kuandikwa kuhusu Afrika, kwa sababu kinatupenda jinsi mtu anavyopenda mbwa wake. Hotuba hiyo baadaye aliipa kichwa kinachomtaja mpishi na mbwa pamoja. Wadenmaki hawakuacha kumpenda mama yao kwa hilo. Kuanzia 1999 uso wake ulikuwa kwenye noti yao ya kroner 50. Lakini pia siwezi kusema alikuwa setla kama masetla wengine tu. Alipofilisika, Wakikuyu walioishi shambani mwake kama maskwota, wakimlipa kwa kazi ya siku 180 kwa mwaka ili walime ardhi ambayo baadhi ya wazazi wao waliijua kabla ya Mzungu, walikuwa watawanywe. Alizunguka maofisi hadi kwa gavana kudai wahamishwe pamoja, na mwishowe wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Alipigania watu wasitenganishwe. Hakupigania warudishiwe.

Mama hayo yote aliyasikiliza kwa adabu, kwenye sebule, akiangalia ngozi na vitabu. Kisha akamuuliza mwelekezi wetu, kijana mpole wa umri wangu: “Jikoni ni wapi?”

Jikoni ni nje, nyuma, mbali na nyumba, kwa sababu ya moshi na moto. Mna jiko la chuma la kuni na masufuria. Kule ndani Mama alikuwa mgeni, lakini hapa aliingia kama anayekuja kazini. Alipima urefu wa meza kwa kiuno chake. Akatoka nje, akahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye chumba cha kulia, akarudi akihesabu tena.

“Chakula kinafika kimepoa,” akatangaza. “Mvua ikinyesha unabeba supu na mwavuli. Nani alikuwa mpishi?”

Aliitwa Kamante Gatura. Alikuja mtoto, miguu ikiwa imejaa vidonda, Blixen akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti kule Kikuyu, akapona, akaishia jikoni. Alikuwa hodari kupita kiasi. 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula kwenye nyumba hii, na chakula kilitoka kwenye mikono ya Kamante, kikavuka uwanja huu ambao Mama alikuwa ameuhesabu. Katika kitabu cha Blixen, Kamante ni mhusika wa ajabu, mwerevu na kichekesho kidogo. Lakini aliishi muda mrefu kuliko bosi wake, na 1975 kikatoka kitabu kilichobeba masimulizi yake mwenyewe, na michoro yake, kwa msaada wa mpiga picha Mmarekani Peter Beard. Ni wapishi wangapi wa masetla waliopata nafasi ya kujibu? Alifariki 1985, mwaka wa filamu.

“Alilala wapi?” Mama akauliza.

Mwelekezi akasema wafanyakazi waliishi huko nje, shambani, akanyoosha mkono kuelekea kwenye miti. Mama akafuata mkono kwa macho. Kulikuwa na miti.

Tulimalizia chai kwenye nyasi, tukitazamana na Ngong. Akaniambia vitu ambavyo sikuwahi kuviuliza. Kwamba kule alikofanya kazi, si mbali na hapo, esikyu ilikuwa na dirisha moja na taa iliyowashwa kutoka nyumba kubwa. Kwamba alikataa kulala hapo kwa sababu yangu, ndiyo maana ya saa kumi na nusu. Kwamba mwenye nyumba alikuwa na rafu nzima ya vitabu kuhusu Kenya, na yeye ndiye aliyevipangusa vumbi kila Alhamisi, kwa hiyo jina la Karen Blixen alilijua zamani, kwa mgongo wa kitabu.

Giza lilitukuta Jogoo Road, kwenye foleni. Ndipo nikamsimulia ile ya Ayrshire, kwa sababu nilikuwa nimeitafuta jana yake na ilikuwa inaniwasha.

Doonholm ya asili, ile iliyotupa jina, katikati ya karne ya 18 ilikuwa mali ya bwana mkubwa wa mji wa Ayr aliyeitwa Fergusson. Bwana huyo alimwajiri mtunza bustani, William Burnes. Mtunza bustani akajijengea, kwa mikono yake, kibanda cha udongo chenye paa la nyasi kijiji cha Alloway, jirani. Tarehe 25 Januari 1759 mke wake akajifungua humo mtoto wa kiume, wakamwita Robert. Huyo ndiye Robert Burns, mshairi mkuu wa Waskoti, yule ambaye wimbo wake wa kuaga mwaka huimbwa hadi hoteli za Nairobi na watu wasiojua maneno yake. Leo kile kibanda ni makumbusho. Watu hutoka dunia nzima, wengine kwa gari-nyumba zao, wakapanga foleni kuona chumba alimolala shamba boi wa Doonholm na familia yake. Kwa Fergusson hawaendi.

Mama alikaa kimya mpaka Makadara.

“Alikuwa analipwa ngapi?” akauliza.

“Nani?”

“Huyo shamba boi.”

Sikujua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo. Halafu, akiangalia mbele, akasema ile nyumba yake ya Karen iliuzwa wenye nyumba walipohama, ikabomolewa yote pamoja na esikyu, sasa ni maghorofa. Alipita hapo mara moja akashindwa kujua geti lilikuwa wapi.

“Na funguo sikurudisha,” akasema. “Hakuna aliyeniitisha.”

“Ziko wapi?”

“Kwa kabati. Kwa lile kopo lingine la Kimbo.”

Makanga akagonga bodi mara mbili. Tulikuwa tumefika Donholm, na Mama alikuwa ameshaanza kusimama kabla gari halijatulia, kama kawaida yake.